Picha ya Msiba ya Mtu Aliye Hai

Juni 14

Mvua ya kwanza imeshuka leo mchana, na baba mkwe wangu ameamua kufa.

Hajafa. Ameamua tu. Nilikuwa nafuta meza ya dukani akaingia na mkongojo wake, akaweka bahasha ya khaki juu ya printa.

"Humo mna negativu yangu ya filamu," akasema. "Ndiyo itakayowekwa mbele ya watu siku ya matanga yangu. Itoe kwa weusi na weupe, kubwa, na iwe laini. Nataka niione kabla."

"Kabla ya nini, Baba?"

"Kabla ya kuning'inizwa ukutani na mtu kama wewe."

Sikumjibu. Nikimjibu kwa sauti mtaa wote husikia, maana madirisha ya nyumba hii yamevimba kwa unyevu na hayafungiki. Nimeamua kumjibu humu, msimu mzima wa mvua, mpaka mmoja wetu achoke.

Atakayesoma ajue tunavyoishi. Mimi ni Ketaki. Yeye ni Nishapati Bhaduri, aliyesafisha picha za nusu ya mji huu wa Chandannagar katika chumba cha giza kilichoko nyuma ya nyumba hii, tangu kabla sijazaliwa. Karatasi za chumba cha giza zilipoacha kuuzwa, na dawa zake zikafuata, mimi nikaweka printa ya wino chumba cha mbele. Natoa picha za pasipoti, za harusi, za marehemu. Yeye anaiita mashine yangu mtema mate, kwa vile hutema wino. Wateja huuliza mzee anamwita nani.

Katikati yetu palikuwa na Amalesh, mwanawe, mume wangu. Homa ya mbu ilimchukua msimu kama huu, miaka sita iliyopita. Siku ile nilimwomba Baba negativu moja tu ya mwanawe nitoe picha ya matanga. Alijifungia chumba cha giza akasema kupitia mlangoni, "Mwanangu hatatemewa mate." Basi sikuigusa mashine yangu; nilivuka barabara na picha ya simu, nikatolewa picha upesi upesi dukani kwa mpinzani wetu, Haradhan Sasmal. Picha hiyo iko juu ya mlango mpaka leo. Mwaka wa kwanza ilikuwa ya kijivu, wa pili ikaanza kugeuka, na sasa Amalesh ni wa kijani kabisa, kama mtu aliyekula kitu kibovu. Baba husema mimi ndiye niliyemgeuza mwanawe kijani. Mimi husema ni yeye aliyeninyima. Tumesema hivyo mara nyingi mno.

Negativu zote zimo kwenye kabati la chuma huko nyuma. Humo mna Amalesh wa siku tatu, Amalesh wa shule, Amalesh aliyeanguka mperani akavunjika kiwiko cha kushoto kikaungwa vibaya, Amalesh wa siku ya harusi yetu. Ufunguo Baba kaufunga kwenye uzi wake mtakatifu wa Kibrahmani, kifuani, na huo uzi hauvuliwi hata kwa kuoga.

Alipofika mlangoni aligeuka. "Una muda mpaka Mahalaya. Siku hiyo nikienda mtoni kuwamwagia wafu maji, nitakuwa nimekata shauri. Ukiweza, kabati lako. Ukishindwa, nampa Sasmal."

Simu ile ilishakufa, na sina picha hata moja ya mume wangu isiyo ya kijani. Anajua hivyo.

Juni 15

Nimeipitisha negativu kwenye skana. Baba amesimama uani, miaka arobaini na kitu, kanzu fupi nyeupe, jua limempiga usoni, kakunja uso kama aliyekuta nzi kwenye maziwa. Nimeitoa kwa wino wote wa mashine. Chini ya taa ya mrija, picha ni kijani kwa mbali. Dirishani, ni zambarau.

Baba kaibeba kutoka taa hadi dirisha, kutoka dirisha hadi taa, polepole, ili nione anavyoona.

"Hapa bamia," akasema, "pale bilinganya. Mimi ni mboga gani hasa?"

Kisha akatoa kioo chake cha kukuzia, akachungulia, wala si uso, bali kanzu, pale kifuani. Akanirudishia.

Juni 19

Mvua. Hakuna mteja. Baba kasema samaki ana miba mingi. Samaki alikuwa ilish. Ilish bila miba si ilish.

Juni 27

Nimeiambia mashine isahau rangi zote itumie wino mweusi peke yake. Ukijani umekwisha. Lakini mweusi mmoja hawezi kuwa kijivu. Mashine inachofanya ni kutawanya vitone, vingi penye giza, vichache penye mwanga. Gizani hupendeza. Mashavuni, loo, ni pilipili manga iliyomwagika.

"Sikuugua ndui mimi," Baba kasema.

Akainama tena na kioo juu ya kanzu. Pale wino ulikuwa haba, vitone vimetapakaa huku na huku juu ya karatasi tupu.

"Na hapa?"

"Hapo pana nini, Baba? Ni nguo nyeupe."

"Ni nguo nyeupe," akarudia kwa sauti yangu, akaenda zake.

Akutukanaye hakuchagulii tusi, lakini huyu wa kwangu huchagua.

Julai 3

Leo nimecheka peke yangu jikoni mpaka Minoti, mpishi wetu, akauliza kama nimepata wazimu.

Zamani, gizani, fundi alijua upande wenye dawa wa karatasi kwa kuugusa kwa ulimi kwenye pembe. Mazoea hayafi. Nilipoiweka picha mpya mezani, Baba akaiinua na kuilamba. Karatasi ya wino ina unga juu yake unaonyonya maji, na ulimi wake ni maji. Ukanasa. Alipoubandua, pembe ya picha ilikuwa imeondoka na ulimi ulikuwa mweusi kama kitako cha sufuria.

Akazunguka nao hivyo siku nzima. Kuhani wa hekalu la mtaani alimwuliza kalamba nini. Akamjibu, "Nimeonja kazi ya mkwe wangu." Hata hapo kanishinda.

Julai 9

Haradhan Sasmal kapita na mwavuli wake wenye tangazo la duka lake.

"Shemeji, habari za kazi? Nasikia mzee kakupa mtihani."

"Nasikia na wewe unasubiri majibu."

"Mimi sina haraka. Mimi nikipewa namtoa kwenye plastiki inayong'aa, nyuma yake naweka milima ya theluji."

"Hajawahi kufika milimani."

"Akishakufa atafika," akasema, akacheka, akanywa chai yangu.

Julai 10

Simpendi Sasmal. Nimeandika ili iwepo.

Julai 20

Nimepata njia. Kama mweusi mmoja hawezi kuwa kijivu, basi kijivu kiwe wino wake mwenyewe. Nimetoa katriji zote za rangi kwenye printa ya zamani niliyoiweka akiba, nikaziosha mpaka maji yakatoka safi. Kisha nikachukua wino mweusi wa unga, ule usiopauka upesi juani, nikauzimua kwa maji yake maalumu kwenye chupa za dawa ya kikohozi: mzito, wa kati, mwepesi, mwepesi zaidi. Pale palipokuwa na bluu sasa pana kijivu, palipokuwa na manjano pana kijivu kingine. Nimekaa siku tano nikichapa vibao vya majaribio kutoka weupe hadi weusi, kila kimoja na hatua zake, nikiifundisha mashine wapi wino mmoja uishie na mwingine uanzie. Wakikutana vibaya hubaki mstari, kama pindo la shati lililoshonwa na mlevi.

Jioni nikatoa picha ya Baba. Shavu limekuja. Shavu la mtu, lenye mviringo, halina pilipili wala bilinganya. Nilikaa nikaliangalia na nikasahau kwa muda kwamba ni lake.

Kaja, kaangalia. Safari hii kaangalia uso kwanza. Kisha kioo, kisha kanzu.

"Shavu umelipata," akasema.

Nikangoja.

"Nani alikuomba shavu?"

Sijawahi kumchukia binadamu kama nilivyomchukia saa ile. Nilizihesabu chupa zangu ili nisizitupe.

Agosti 2

Unyevu umeingia kila kitu. Chumvi ni tope. Karatasi za pamba zimejikunja kingo, kichwa cha printa kinapita na kuzigonga, kila picha ina alama nyeusi pembeni. Matundu ya wino yameziba, kwa hiyo mistari inakatiza paji la uso la Baba. Nimeweka karatasi kwenye pipa la mchele, chini ya mchele, ndipo mahali pakavu pekee katika nyumba hii. Minoti ameenda kwao kwa ajili ya mafuriko. Napika mwenyewe.

Baba kapata kipande cha karatasi kwenye khichuri yake ya mchele na dengu. Alikiweka ukingoni mwa sahani, akakiangalia mpaka akamaliza kula.

Agosti 10

Lazima niandike yote kabla hasira haijapoa.

Asubuhi nilipata picha nzuri kuliko zote. Laini, kavu, haina mstari. Nilitaka kuiona kutoka mbali, jinsi wageni watakavyoiona, kwa hiyo nikaiweka kwenye fremu nyeusi, nikaisimamisha juu ya kiti chumba cha mbele, mkabala na mlango. Baba alikuwa amelala chumba chake nyuma ya pazia, pamba masikioni kwa sababu ya radi. Mvua ikatulia kidogo, nikatoka kwenda sokoni.

Niliporudi, mlangoni palikuwa na viatu. Vingi. Harufu ya ubani imejaa barazani. Ndani, picha ya Baba juu ya kiti imevishwa shada la rajanigandha, maua meupe yale yale tuliyomvisha Amalesh, na Minoti ameketi sakafuni chini yake analia kwa kwikwi.

Nilidhani nitafurahi. Kwa miaka sita nimelala nikidhani siku hiyo nitalala vizuri. Badala yake kikapu kilinitoka, vitunguu vikaviringika mpaka kwenye viatu vya watu. Wazo la kwanza lilikuwa kwamba amekufa hajaikubali picha. La pili, na hili naliandika huku nikimlaani, lilikuwa: sasa nani atanitukana?

"Nimetoka kituoni sasa hivi, dada," Minoti akalia. "Nimeingia nikamkuta juu ya kiti. Hata shada hamjamvisha maskini. Nikakimbia kulinunua, nikawaambia na majirani."

Basi nikaelewa. Nikatazama pazia la chumba cha nyuma. Chini yake zilionekana nyayo mbili zilizovimba, wima. Ubani ulikuwa umemwamsha.

Ningesema saa ile ile. Sikusema, kwa sababu Sasmal alikuwa tayari amesimama mbele yangu na boksi la sandeshi, vile vitamu vya maziwa, mikono imeunganishwa kwa pole.

"Shemeji, poleni sana. Fundi mkubwa kaondoka. Mimi nilimwona kama baba."

"Asante, Haradhan."

"Tusiongee mambo ya dunia leo." Akashusha sauti, akayaongea. "Lakini lile kabati. Alinitamkia mwenyewe mbele ya watu. Nitatuma vijana walibebe kabla maji hayajapanda."

"Utazifanyia nini?"

"Filamu zina madini ya fedha ndani yake, shemeji. Zinaoshwa, fedha inatoka. Na zile za vioo kuna mikahawa Kolkata inazitaka, wanazibandika kwenye taa."

"Na nyuso zilizomo?"

"Nyuso za nani? Wengi wao si walishakufa?"

Pazia likafunguliwa.

"Sandeshi za duka gani hizo?" Baba akauliza.

Mama wa nyumba ya pili alipiga ukelele na kujificha nyuma ya mumewe. Minoti alianguka kifudifudi. Baba akapita katikati yao na fulana yake na ufunguo wake ukining'inia kwenye uzi, akafungua boksi, akachukua sandeshi moja akaibonyeza kwa kidole gumba.

"Za jana," akamwambia Sasmal. "Mimi nimekufa leo, wewe unaniletea za jana."

Hakuna aliyecheka. Kumvisha shada mtu aliye hai si mchezo, ni kuyaita mauti kwa jina lake. Watu walivaa viatu wakaondoka bila kuaga, na Sasmal alivaa kiatu kimoja cha mtu mwingine. Baba alilivua shada kwenye picha kwa mkono wake, akalitupa kwenye mtaro.

Agosti 11

Amegoma kula. Anaamini nilipanga.

"Uliiweka makusudi ili uone nitakavyopendeza."

"Niliiweka nione kazi yangu."

"Kazi yako imeshaniua mara moja. Sikia. Sasmal hapati kabati. Na wewe hupati. Siku ya Mahalaya nazimwaga zote kwenye mto Ganga. Hata sanamu za miungu tukishamaliza kuzitazama tunazizamisha. Mwanangu atakwenda na maji, si na mate."

"Ni mume wangu pia aliyemo humo."

"Mumeo yuko juu ya mlango," akasema. "Wa kijani."

Niliondoka. Ningebaki ningemsukuma.

Agosti 12

Homa imempata. Minoti anasema ni shada. Ni kusimama na nyayo tupu kwenye sakafu ya maji.

Agosti 13

Nimemchemshia majani ya tulsi na tangawizi. Kasema haina ladha. Kanywa yote.

Agosti 22

Mvua. Katika kuumwa kwake anaomba picha za majaribio, zote, tangu Juni. Amezitandaza kitandani, kaanza upya na kioo. Nimesimama mlangoni hakuniona. Uso hauangalii hata kidogo. Anakwenda kifuani, anaangalia, anaiweka kando, anachukua nyingine. Kama mtu anayetafuta sindano kwenye shuka.

Amechanganyikiwa kwa homa, nikajisemea.

Septemba 5

Homa imeisha, matusi yamerudi, nyumba iko sawa.

Siwezi kulala kwa ajili ya kanzu ile. Kila picha niliyotoa, kanzu ni weupe mtupu kuanzia bega hadi kiuno. Nilifikiri ndivyo nguo nyeupe ilivyo juani. Leo nimeifungua ile picha ya skana kwenye kompyuta nikatazama mchoro wa toni zake, kutoka giza hadi mwanga. Mchoro mzima una mapengo kama kinywa cha Baba, na upande wa mwanga umekatwa wima, kama kwa panga.

Ni skana. Ilikuwa inanisaidia. Nimeiachia tangu Juni ijipimie yenyewe, nayo kila mara imeing'arisha picha ili ipendeze, ikautupa mwanga wote wa mwisho kabla mimi sijauona. Halafu ikazihifadhi toni chache tu, na kila nilipozivuta zikachanika. Miezi mitatu nimekuwa nikikoroga chungu ambacho mchuzi wake ulishamwagwa mlangoni.

Nimezima misaada yote. Nimeiskani negativu upya, toni zote zinazowezekana, faili zito mpaka kompyuta ikanguruma. Imetoka mbaya, ya kijivu, imefifia kama kitambaa cha deki. Lakini mchoro hauna pengo hata moja.

Septemba 9

Wino wangu mwepesi kuliko wote bado ni mzito kwa kanzu ile. Nimezimua wa tano. Ukiumwaga kwenye sahani nyeupe huuoni mpaka uinamishe sahani. Ni kama maji ya kuoshea mchele.

Septemba 10

Baba kauliza kwa nini chupa ya kikohozi haina kikohozi.

Septemba 13

Vibao, vibao, vibao. Mitaani wameanza kufunga mianzi ya mabanda ya sikukuu ya Puja. Sasmal ananisalimia kutoka ng'ambo. Ameweka kwenye kioo chake picha ya marehemu fulani na milima.

Septemba 18

Imetoka leo alasiri.

Niliitoa karatasi kwenye mchele, ikapita mashinani bila kugonga. Nikaiacha ikauke, kwa sababu weusi wa karatasi ya pamba haujulikani mpaka ukauke. Nikaipeleka dirishani. Uso uko sawa, ndevu ziko sawa. Kwenye kanzu, kifuani, kulikuwa na doa.

Nilitukana kwa sauti. Nilifikiri ni unyevu. Nikatoa nyingine. Doa lile lile, mahali pale pale, kijivu hafifu mno, halina ukingo, linaishia kwenye weupe bila kuonyesha limeishia wapi. Nikachukua negativu yenyewe nikaiinua mbele ya taa. Doa lilikuwamo kwenye filamu.

Halikuwa doa. Lilikuwa kivuli. Jua lilikuwa mgongoni mwa mpiga picha, na kivuli chake kimelala juu ya kanzu ya Baba. Kichwa kidogo. Mikono miwili imeinuliwa kushika kamera. Kivuli cha mtoto, maana kinaishia kifuani. Na kiwiko cha kushoto kimechomoza nje, kimepinda vibaya.

Nimelala kando ya kiwiko hicho miaka kumi na minane. Kilikuwa kikinichoma mbavuni kila alipogeuka.

Nilikaa sakafuni. Nikamwona Baba msimu mzima, ameinama na kioo chake, akipita shavu, akipita macho, akishuka moja kwa moja pale. Na ule uso niliouita uso wa nzi kwenye maziwa si chochote ila mtu aliyepigwa na jua, anamtazama mwanawe wa miaka kumi kashika kamera yake ya thamani, na anaomba asiiangushe.

Mzee mshenzi. Angesema. Tangu Juni angesema neno moja tu, tazama kanzu, kuna mtu. Lakini alitaka nimwone mwenyewe, au alitaka nishindwe, au hakuweza kulitamka jina. Nimelia kwa hasira, na nyingine haikuwa hasira.

Septemba 19

Sijamwonyesha. Kanisumbua miezi mitatu, na yeye angoje.

Septemba 21, Mahalaya

Kabla ya mapambazuko redio zote za mtaa zilikuwa zikiimba sala. Nilipotoka, riksho ya mizigo ilikuwa imesimama mlangoni, na maboksi ya kabatini yamepangwa juu yake yamefunikwa turubai. Amemlipa mtu amsaidie wakati mimi nimelala. Baba mwenyewe alikuwa barazani na nguo ya kuogea, ufuta na chombo cha shaba mkononi.

"Nilikwambia mpaka Mahalaya," akasema.

"Ndiyo leo."

Nilikuwa nimeiweka picha juu ya kiti, pale pale, mkabala na mlango. Nikasogea pembeni.

Hakuchukua kioo. Aliingia, akakaribia, akasimama. Kisha akapiga magoti, mtu ambaye hajapiga magoti hata hekaluni tangu magoti yalipomwuma, mpaka uso wake ukawa sawa na kile kifua cha karatasi. Akainua kidole, hakukigusa, akakifuata kivuli hewani: kichwa, kiwiko, kiwiko.

"Bado kimepinda," akasema.

Nilishindwa kujibu. Na safari hii si kwa ajili ya majirani.

"Nilimwambia asimame upande. Nikamwambia kivuli chako kinaniharibia picha." Alivuta pumzi. "Nilimzaba kofi kwa hilo. Nikaitupa negativu ndani ya kabati, sikuitoa mpaka alipoondoka. Nilipoitoa dawa zilikuwa zimekwisha. Karatasi zimekwisha. Sikuwa na njia ya kumleta."

"Ungeniambia, Baba."

"Nikuambie ili unichoree? Ungenichorea kivuli chochote. Nilitaka atoke mwenyewe."

Akashika kiti, akasimama, akapaza sauti kwa mtu wa riksho. "Wewe. Shusha hayo maboksi. Taratibu, kuna vioo." Kisha akaitazama tena picha, akakunja uso vile vile kama ilivyo ndani yake. "Weusi wa ndevu umezidi."

"Ndevu zilikuwa nyeusi."

"Si hivyo."

Nilimsindikiza mtoni. Ngazi zote za ghat, za kushukia majini, zilikuwa zimejaa wana, kiuno majini, wakiwamwagia baba zao. Baba alisimama kati yao, mzee kuliko wote, akamimina kwa ajili ya mwanawe. Alipokosea maneno ya sala alianza upya.

Aliporudi, kabla hajabadili nguo, alianza kuufungua ufunguo kwenye uzi. Fundo lilikuwa limeshikana kwa miaka, akashindwa, ikabidi nilifungue mimi kwa meno, nimeinama kifuani mwake kama mtoto. Alinuka maji ya mto na ufuta. Hakusema chukua. Aligeuza tu uso pembeni mpaka nilipomaliza.

Kisha akauliza, "Ua liko wapi?"

"Ua la nini?"

"La picha."

"Mtu aliye hai havishwi ua, Baba. Umesahau Agosti? Sitaki kupokea tena sandeshi za Sasmal."

"Nani amekwambia univishe mimi."

Alimtuma Minoti. Akachagua kijiti kimoja cha rajanigandha, akakivunja kifupi, akakichomeka kwenye ukingo wa fremu mpaka lile ua la juu likalala juu ya kanzu, penye kichwa kidogo cha kijivu.

"Sasa shusha ile picha ya kijani," akasema.

Nilipanda kigoda nikaishusha. Baba alikuwa amekishika kigoda kwa mikono yote miwili kisiteleze, akaniambia nimekuwa mzito.